Meza Iliyotangulia Nyumba

Naapa kwa vibao vya mababu zangu wote, hadi kile ambacho mchwa walikula jina tukabaki kukifukizia ubani kwa kukisia: nitakayosema hapa ni kweli tupu. Akitokea mtu akanionyesha ndani yake uongo, hata uwe mdogo kama punje ya ufuta, basi chaza na mayai kwa kila aliyeketi kibandani kwa Mama Zhao leo ni juu yangu. Mama Zhao, umesikia? Weka kikaango karibu, lakini moto usiwashe. Hutauhitaji.

Zhuang Shuigen, yule wa kiwanda cha ndala, na Zhuang Kewang, yule wa duka la vyoo, walizaliwa mwaka mmoja katika ukoo mmoja, nyumba zao ubavu kwa ubavu. Kati ya nyumba hizo palikuwa na kichochoro chembamba, bata akinona alilazimika kupita kiupande. Shuigen alimtangulia mwenzake kuzaliwa kwa siku chache tu, lakini siku ni siku. Kewang alimwita kaka maisha yake yote, kwa heshima walipopatana na kwa kejeli walipogombana.

Kila alasiri walikunywa chai kichochoroni humo, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Birika lao lilikuwa na pengo mdomoni, na vikombe vilikuwa vitatu, kila kimoja kama nusu ya ganda la yai. Vitatu daima, wanywaji wawe wawili au wawe kumi. Chai yetu haijui hesabu nyingine. Kikombe cha tatu walikishindania. Aliyesema uongo mtamu zaidi siku hiyo ndiye alikinywa. Shuigen alikipenda kikombe hicho kuliko kitu chochote duniani, ingawa ungemuuliza angekuambia anapenda ndala.

Kisha wakapata fedha. Na hapa kwetu mtu akipata fedha hanunui shati, anabomoa nyumba. Shuigen alinunua kiwanja cha nyuma kutoka kwa wajukuu wa mzee mmoja waliohamia ng'ambo, akakiunganisha na chake. Kewang naye akafanya vivyo hivyo upande wake. Wakabomoa wiki moja, huku wakicheka, vumbi la nyumba hii likimwingia puani mwenye nyumba ile. Na kwa kuwa paa likimzidi jirani humkandamiza bahati kama kifuniko cha sufuria, waliweka mikono juu ya ndoo wakaapa: tutakwenda sawa, ghorofa nne kwa nne, kigae kwa kigae.

Kewang ndiye aliyetangulia kumaliza. Asubuhi moja Shuigen alitoka nje, akaona juu ya paa la mwenzake mlingoti, na juu ya mlingoti tufe la chuma kinachong'aa, kubwa kama boga la maonyesho.

“Kewang! Kile kitu gani kule juu?”

“Kinga ya radi, kaka.”

“Radi ina shida gani na muuza vyoo?”

“Haijui ninauza nini. Inatazama paa tu.”

“Tuliapa kigae kwa kigae.”

“Kwani kile ni kigae?”

Shuigen aligeuza mgongo. Alikwenda kuwatafuta waashi. Kwanza aliongeza ukuta mfupi wa kuficha tangi la maji. Kisha, kwa kuwa ukuta ulikuwa tayari umesimama na ni dhambi kuupoteza, akaufunika, ikawa ghorofa ya tano. Kewang akaenda ya sita ili, alisema, mkewe apate mahali pa kuanikia figili. Shuigen akaenda ya sita na tufe lake, kubwa zaidi. Yalikuwa yanang'aa yale matufe! Alfajiri jua liliyagonga kabla halijafika milimani, majogoo wakawika. Jua la kweli lilipotoka wakawika tena. Na kuku wetu, masikini, wakidhani siku ni mbili, wakataga mara mbili. Mawingu yaliyotoka baharini yalianza kuzunguka kijiji kwa mbali, kama mtu anayekwepa mdai. Mwishowe wakubwa wa kijiji wakaja na kofia mkononi: jamani, basi, mpunga hauoni jua.

Na katika urefu wote ule watu wangeishi ghorofa ya chini peke yake, kama kawaida yetu. Watoto wako mijini, hurudi mwaka mpya. “Nitakuwa na ghorofa sita za kufagia na kitanda kimoja cha kulalia,” Yuchan, mke wa Shuigen, aliwaambia wenzake mtoni. “Jana nimepanda na ufagio, nimeshuka nimezeeka.”

Chai ya kichochoroni ilikuwa imekwisha zamani. Hakuna aliyetangaza. Siku moja waashi walichukua ile ndoo kuchanganyia saruji, na hakuna aliyeidai.

Basi Shuigen, alipokatazwa kwenda juu, akaamua kwenda upana. Akapanda milimani kwa wachonga visiki, akarudi na meza ya chai iliyochongwa katika kisiki cha mkafuri, mzizi mmoja mzima, wenye mikono na magoti, mnene kama nyati aliyelala. Gari lililoileta lilipoingia kijijini, harufu ya kafuri iliwafukuza nondo wote wa sanduku la bibi yangu. Bei yake Shuigen alimtajia kila mtu tofauti, kulingana na sura ya mtu.

Shida ilikuwa mlango. Nguzo na sakafu zote sita zilikwisha simama, kuta za chini bado, na fundi wa bahati, Bwana Hong, alikwisha pima nafasi ya mlango kwa utepe wake wenye alama nyekundu na nyeusi. Nyekundu ni neema, nyeusi ni balaa. Mlango ulikaa sawasawa katika nyekundu, na meza ilikataa kupita kwa upana wa kiganja.

“Tanua kiganja kimoja,” alisema Shuigen.

Bwana Hong akavuta utepe. “Nyeusi. Kesi mahakamani.”

“Viganja viwili?”

“Nyeusi. Mke kukimbia.”

“Hiyo si lazima iwe nyeusi,” alisema Yuchan.

“Nyekundu inayofuata iko hapa,” Bwana Hong akaonyesha, na kidole chake kikatua katikati ya nguzo iliyobeba ghorofa zote sita.

Shuigen alikuna kichwa, akapata akili. Meza iingizwe kwanza, sasa, wakati hakuna ukuta. Nyumba imaliziwe kuizunguka. Na ndivyo ilivyokuwa. Waashi walijenga huku wakiikwepa, wakapiga lipu wakiikwepa, wakala wali juu yake.

“Na ikibidi itoke?” aliuliza Yuchan.

“Itoke iende wapi?”

“Sijui. Kila kilichoingia kwetu kiliwahi kutoka, isipokuwa mama yako.”

Siku ya kuhamia ikakaribia, na Shuigen, ambaye kwa wiki nzima alikuwa akizungukazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, alimwambia mkewe bila kumtazama, “Pita pale kwa yule mtu. Mwambie chai itakuwepo.”

Yuchan akaenda. Kewang alikuwa barazani anapiga vigae vyake deki.

“Shemeji, kesho kutwa tunahamia. Kaka yako anasema uje unywe chai.”

“Anasema yeye, au unasema wewe?”

“Anasema yeye kwa mdomo wangu.”

“Basi mrudishie kwa mdomo huohuo: nyumba yangu ilimalizika kabla ya yake. Hajawahi kuikanyaga. Anayestahili kuanza ni nani?”

Shuigen alipofikishiwa aliruka kama aliyekalia kaa la moto. “Mimi ni mkubwa! Tangu lini mkubwa akaanza kumtembelea mdogo?”

“Mkubwa kwa siku ngapi?”

“Siku ni siku!”

Na hapo pakafungwa. Kwa umri, Kewang aanze. Kwa nyumba, Shuigen aanze. Wazee wa ukumbi wa ukoo walilijadili jambo hilo kuanzia supu hadi matunda, wakagawanyika nusu kwa nusu, wakaenda kulala. Aliyevuka kizingiti cha mwenzake kwanza angekuwa amekubali kwamba paa la mwenzake ndilo refu. Na kizingiti, ndugu zangu, kinaweza kuwa kirefu kuliko ghorofa sita.

Karamu ilifana. Yuchan aliingia wa kwanza na jiko lenye makaa mekundu, fataki zikalia hadi mbwa wa kijiji cha pili wakahama, na kila mtu akaja kuisifu meza. Ilikuwa kubwa kiasi kwamba chai iliyomiminwa kichwani ilifika mkiani imepoa. Kuku wa Yuchan alipotelea katika makunjo yake, akatoka baadaye na vifaranga. Shuigen alikaa katikati, akawasimulia wageni uongo mmoja safi, wa kambale aliyemfunza bata kupiga mbizi. Alingoja kicheko, au mtu wa kumwambia, “Toka hapa, mwongo wewe!”

“Hongera sana, Bwana Zhuang,” wageni walisema. “Meza nzuri.”

Shuigen akakitazama kikombe cha tatu. Hakuna aliyekigusa.

Wageni wakaenda, siku zikapita. Nyumba njema si mlango, wahenga walisema, fungua uingie ndani. Na ukiingia ndani ya ile, ungemkuta mtu mmoja mdogo kwenye ncha ya meza kubwa, anamimina vikombe vitatu. Yuchan hanywi chai, hunywa maji ya moto. Cha kwanza Shuigen alikunywa. Cha pili alikunywa. Cha tatu alikishika hadi kikapoa, halafu akakimwaga juu ya kisiki, kama tunavyowanywesha vyura wa udongo wa bahati wanaokaa mezani. Na kila alasiri, saa ileile, ng'ambo ya ukuta wake, ng'ambo ya kichochoro, ng'ambo ya ukuta wa pili, alisikia birika la Kewang likipiga mluzi. Mluzi wa mtu mmoja. Mtu anayechemsha maji ya wawili hungoja kidogo kabla ya kuinua birika. Yule alikuwa hangoji.

“Nenda,” alisema Yuchan.

“Sijasema kitu.”

“Umekaa unausikiliza ukuta kama daktari. Nenda, mume wangu. Hatua tano.”

“Miguu ingekwenda. Ni uso ndio hautaki.”

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wenye imani haba huanza kukohoa.

Mkafuri si mti wa kufa kirahisi. Kile kisiki, kilichokuwa kikinyweshwa chai bora ya mlimani kila siku, kilianza kuchipua. Kwanza jani moja, ubavuni. Shuigen alilificha kwa kitambaa. Halafu ukatoka mkono mzima, ukanyooka moja kwa moja kuelekea ukutani, upande wa Kewang, bila kupinda, bapa kama ubao. Ulikua mchana, wakati Yuchan yuko mtoni, na ulipokua ulitoa mlio: ko, ko, ko. Mimi mwenyewe niliusikia nikipita. Na ajabu ni kwamba mlio ulijibiwa: ko, ko, ko, kutoka ukuta wa pili. Mwangwi huo. Shuigen alianza kuonekana hapa kibandani na vumbi jeupe katika nyusi, na malengelenge viganjani.

“Vumbi gani hilo?” aliuliza Qiu kinyozi, huyuhuyu aliyekaa hapa akijifanya anachambua meno.

Ilikuwa chavua ya mkafuri, Qiu. Chavua.

“Na malengelenge?”

Ya kumwagilia. Nyamaza unywe.

Basi alasiri moja ukuta wa Shuigen ukapasuka, tofali likadondoka, kisha la pili. Ule mkono wa mti ukapita tunduni, ukavuka kichochoro juu ya kichwa cha bata, na saa ileile ukuta wa Kewang nao ukapasuka, pamoja na vigae vyake vilivyovuka bahari kwa meli. Vumbi lilipotulia, Shuigen aliinama akachungulia. Ndani ya tundu la ng'ambo alikuwepo Kewang, naye ameinama, naye ana chavua katika nyusi, birika mkononi.

Kewang akapangusa nyusi.

“Meza yako iko nyumbani kwangu,” alisema Kewang.

“Meza yangu iko mahali pake. Nyumba yako ndiyo imesogea.”

“Imevunja vigae vyangu.”

“Vibaya vilikuwa.”

“Vibaya? Vile? Watu wanatoka wilaya ya pili kuja kuvitazama!”

“Wanakuja kununua choo, wanaona aibu kusema.”

 Kona ya mdomo wa Kewang ikaanza kucheza. “Kaka,” akasema, “hivi huu mkono ni wa mti au ni mlango wa banda la nguruwe?”

“Ni mti. Umechipua.”

“Umechipua.”

“Kwa chai.”

“Umechipua wenyewe, ukatoboa kuta mbili.”

“Kama unavyoona.”

Kewang aliliweka birika lake chini, polepole. “Huo,” alisema, “ndio uongo mkubwa kuliko wote uliowahi kusema tangu tuzaliwe.”

“Basi,” alisema Shuigen, “kikombe cha tatu ni changu.”

“Ngoja kwanza. Sijasema wangu.” Kewang akavuta kiti. “Mimi nilikuwa nimekaa hapa, sina habari, napangusa kinga ya radi, mara radi ikapiga ukuta. Kwa ndani.”

Shuigen alicheka hadi ghorofa zote sita zikacheka naye, kwa kuwa zilikuwa tupu na kicheko kilipata nafasi ya kupanda. Akakisukuma kikombe juu ya ule mkono wa mti, kikateleza, kikavuka kichochoro, kikasimama mbele ya Kewang bila kumwaga hata tone.

Kewang akanywa. “Hujui bado kupika chai.”

“Na wewe hujui bado kunywa.”

Tangu siku ile hunywa hivyo kila alasiri. Shuigen yuko kwake, Kewang yuko kwake, meza ni moja. Hakuna aliyevuka kizingiti cha mwenzake, hakuna aliyeanza, hakuna aliyeshindwa. Bwana Hong alikuja na utepe kupima tundu, akakuta nyekundu pande zote. Na matufe mawili kule juu, kwa kuwa mti unazivuta nyumba taratibu, yameanza kuinamiana kama vikongwe wawili wanaosengenya. Mnaweza kwenda kutazama. Ni kweli tupu, kama nilivyoap...

“Ni mti gani huo uliochipua?”

Sikumwona alikotokea. Ilikuwa sauti ya Yuchan mwenyewe, kapu la magimbi kiunoni, amesimama nyuma ya mgongo wangu tangu sijui neno gani.

“Shemeji,” nikasema, “karibu, karibu, kaa...”

“Nimeuliza mti gani, mzee. Kisiki kile kilikufa kabla hujaota meno, na sasa umeshayamaliza. Hakijatoa jani hata moja. Hawa watu wazima wawili walichukua nyundo. Huyu alikuwa anagonga upande wake, na yule upande wake, kila mchana nikitoka kwenda mtoni, wakidhani sijui. Nilikuwa nakaa kwa mke wa Kewang tunakula njugu tunawasikiliza. Vumbi nimelifagia mimi. Na huo mkono wa mti wako ni mlango wa banda langu la nguruwe. Nguruwe analala wazi hadi leo.”

 Qiu alikwisha weka chini kijiti chake.

“Lakini aliyeanza kugonga ni nani, shemeji?” aliuliza.

“Hilo ndilo wanalogombea kila siku juu ya kikombe cha tatu,” alisema Yuchan. “Huyu anasema ni yule, yule anasema ni huyu. Mimi najua, na sisemi.” Akanigeukia, akanitazama juu hadi chini. “Na wewe ulisema kuku wangu alitagia mezani?”

“Hiyo... hiyo nayo ilikuwa kubwa kidogo.”

“Hiyo ni kweli,” alisema Yuchan. “Hiyo peke yake.”

Basi wakapiga meza wote, Qiu akiwaongoza kama mpiga ngoma: “Chaza! Chaza! Chaza!” Nikatoa mfuko. Nikahesabu vichwa, nikahesabu tena nikitumaini kuna aliyetoka. Badala yake walikuwa wameongezeka wawili kutoka barabarani. Yuchan akaagiza sahani mbili za kubeba, moja ya upande huu na moja ya upande ule, akasema zote nilipe mimi, nami nikasema ndiyo shemeji.

“Mama Zhao,” nikaita kwa unyonge, “washa moto.”

Mafuta yalikuwa yanachemka. Alikwisha uwasha tangu nilipofika kwenye chavua.